Mwenye Shimo ni Nani?

Maparoni hatuna jiwe. Ukichimba hapa kwetu unakuta tope, na chini ya tope unakuta maji. Delta yote hii imejengwa na udongo ulioshushwa na mto Rufiji. Kwa hiyo tulipoamua msikiti wetu uwe wa tofali na zege, kila kokoto ililazimika kuja kwa mashua, na saruji ikatoka Wazo, Dar es Salaam, ambako kiwanda kimekuwa kikila kilima cha mawe ya chokaa tangu mwaka 1966. Mimi nafundisha watoto Kurani na nalima mpunga. Siku zile nilibeba mifuko begani kama wenzangu. Hapo ndipo swali liliponishika. Sisi tumepata sakafu ya kusujudia, na mahali pengine ardhi imebaki na shimo. Shimo lile ni la nani, na nani ataulizwa juu yake?

Mpwa wangu anafanya kazi za ujenzi Mombasa. Nilipomtembelea alinipeleka Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ambayo leo yanaitwa Haller Park. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Mawe yake yalikuwa matumbawe ya kale, kazi ya viumbe wadogo wa baharini, zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa. Yalipokwisha kuchongwa, ulibaki uwanda mweupe unaochoma macho, usio na udongo hata wa kujaza kiganja, na maji yake ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba Mswisi aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu. Mmoja ni mvinje.

Mvinje tunaufahamu sisi watu wa pwani. Unastahimili chumvi, na kwenye mizizi yake wanaishi vijidudu wanaoulisha kutoka hewani. Lakini majani yake yalipoanguka hayakuoza; yalijilaza juu ya jiwe, makavu na machungu, mwaka hadi mwaka. Ndipo Haller alipomwona jongoo mweusi mwenye miguu myekundu akiyatafuna. Akawaleta majongoo kwa mamia. Kinyesi chao ndicho kilichokuwa udongo wa kwanza wa mahali pale. Nilisimama chini ya miti ile nikakumbuka kwamba katika chuo changu jongoo akiingia watoto humtupa nje kwa kijiti. Yeye ndiye aliyepewa kazi ambayo mitambo iliyochimba shimo isingeweza kuifanya.

Tukiwa njiani kurudi tukabishana. Bamburi imepita mikononi mwa wengi: Lafarge ya Ufaransa, kisha Holcim, na mwishoni mwa mwaka 2024 ikanunuliwa na Amsons, kampuni ya kwetu Tanzania. Mpwa wangu akasema, “Mjomba, hawa hawakuchimba. Kurani yenyewe inatufundisha kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Mtu anunue leo, halafu adaiwe mashimo ya mwaka 1954?”

Hoja yake ni nzito, na sikuweza kumjibu pale pale. Nimekaa nayo muda mrefu. Ninaloliona sasa ni kwamba ameunganisha vitu viwili ambavyo dini imevitenganisha. Dhambi hairithiwi, lakini deni linaifuata mali. Baba akifa na deni, watoto hawawi wakosaji, ila mirathi haigawanywi mpaka deni lilipwe. Na sisi wa madhehebu ya Shafi tunakwenda mbali zaidi: hata zaka ambayo marehemu hakuitoa hukatwa katika mali yake kabla ya warithi kupata fungu. Yaani deni la Mwenyezi Mungu nalo limo ndani ya mali, halizikwi na mtu.

Mpwa wangu angesema mrithi amepewa bure, mnunuzi ametoa fedha yake. Basi tutazame rehani. Nyumba iliyowekwa rehani, anayeinunua hainunui ikiwa huru. Haki ya mdai imo ndani ya kuta. Tena katika kampuni jambo ni wazi zaidi, kwa sababu kilichouzwa ni hisa. Kampuni iliyochimba ndiyo ile ile iliyopo leo, mdaiwa ni yule yule, waliobadilika ni waliokaa juu yake.

Kuna mafundisho mengine ambayo watu huyataja haraka katika mambo haya, ya kwamba anayehuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo inakuwa yake. Imamu Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala. Imamu Shafi hakushurutisha. Lakini wote wawili walikuwa wanazungumzia ardhi isiyo na mwenyewe. Machimbo hayako hivyo. Yana hati, na tena yaliuawa na huyo huyo mwenye hati. Hawezi mtu kuua, kisha akahesabu kufufua kwake kuwa ndiyo sababu ya kumiliki. Alipopanda mvinje alikuwa analipa.

Na je, amelipa kweli? Hapa natatizika kidogo. Fikihi inasema ukiharibu cha mwenzio, urudishe mfano wake. Ukikosekana mfano, toa thamani yake. Mfano haupo. Hakuna mkono utakaorudisha matumbawe yale. Msitu wa mivinje ni thamani, ni badala, na badala inahitaji kukubaliwa na anayedai. Anayedai ni nani? Nimeona ni wale ambao bado hawajazaliwa, pamoja na ndege, na yule jongoo. Hawana wakili. Hawawezi kusema “tumeridhika”. Kwa hiyo hakuna mwenye machimbo, wa kwanza wala wa tano, anayeweza kufunga daftari na kuandika kwamba limekwisha.

Mambo haya hayakubaki Mombasa. Bonde ninalolima nililipokea kwa mzee aliyehamia Kibiti. Yeye ndiye aliyekata mikandaa, jamii ya mikoko, iliyokuwapo. Mimi sikushika shoka. Hata hivyo mavuno ni yangu, na maji ya chumvi yanapopanda kupitia pale ambapo miti ingeyazuia, yanamwingilia pia jirani ambaye hajawahi kukata mti. Nimeanza kupanda mikoko upande wa mto. Sioni kama ni sadaka, ingawa najua kila ndege atakayekula humo ni thawabu kwa mpandaji. Sadaka hutolewa baada ya madeni.

Nasi tuliobeba mifuko ya saruji tumo katika deni hili, kwa kadiri ya sakafu yetu. Kamati ya msikiti nimeiomba kitu kimoja: tunapochanga fedha za ukarabati, fungu dogo liende kwenye miche ya mikoko, kwa kuwa machimbo ya Wazo hatuwezi kuyafikia na ukingo wetu tunaufikia. Wengine wamekubali, wengine wanasema fedha ya msikiti isitoke nje ya kuta za msikiti.

Kwa wenye Bamburi wapya, ambao ni Watanzania wenzangu na wanazifahamu taratibu zetu za pwani, ningependa miti ile iwe wakfu. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, haupewi mtu. Hisa ziendelee kuuzwa na kununuliwa. Mvinje na udongo ule uliotengenezwa na majongoo vitolewe kabisa katika hesabu ya mali, ili mnunuzi atakayekuja baada yao apokee kazi ya kuvitunza bila kupata haki ya kuvikata.