Samaki Akirudi, Tumesamehewa?

Oktoba 2024 samoni walionekana tena sehemu za juu za mto Klamath, kule Marekani, ambako hawakuwa wamefika kwa zaidi ya miaka 100. Kazi ya kuvunja mabwawa manne ya umeme ilikuwa imekamilika mwaka huohuo, baada ya Wayurok na Wakaruk, wenyeji wa mto huo, kudai kwa zaidi ya miaka 20. Mto ukafunguka, samaki wakapanda. Nilizisoma habari hizo hapa Chunya nikafurahi, halafu nikakwama kwenye neno moja lililokuwa likirudiwarudiwa: eti mto umesamehe.

Jamani, samaki hasamehi. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hufuata harufu ya maji ya kwao kwenda kutaga. Njia ikiwa wazi anapita. Anachotuambia ni kwamba ukuta haupo, na hapo ni shahidi mzuri kabisa, kwa sababu kosa la Klamath lilikuwa ukuta. La kwetu si ukuta.

Dhahabu ya Lupa inachimbwa tangu miaka ya 1920. Mchimbaji mdogo anasaga mawe kwenye karasha, anayaosha mwaloni, anatia zebaki ishikane na dhahabu, kisha anaichoma. Sehemu ya zebaki inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye ule mchanga tunaouita marudio. (Wavuvi nao huita mwalo mahali wanaposhushia samaki. Neno moja, kazi mbili.) Mvua ikinyesha, maji hushuka kuelekea mto Lupa, na maji ya Lupa huishia Ziwa Rukwa. Rukwa halina mto unaotoka. Maji yanachukuliwa na jua. Kilichokuja nayo kinabaki. Zebaki ikifika kwenye matope, vijidudu huigeuza ikaweza kuingia mwilini mwa samaki. Mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa tunamla sisi. Na samaki huyo anaogelea vizuri tu.

Wajapani walilijua hilo kwa gharama kubwa. Ugonjwa wa Minamata ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki kwenye ghuba, watu wakaendelea kula samaki, watoto wakazaliwa na ulemavu. Kwenye ghuba ile samaki walikuwapo muda wote. Ndiyo maana simwamini samaki kama cheti cha usafi.

Sasa, nani anadaiwa? Klamath kulikuwa na kampuni, Minamata kulikuwa na kiwanda. Unaweza kwenda na bango ukasimama getini. Chunya utasimama wapi? Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha aliniambia, "Shikamoo mwalimu, ila hiki kijiko changu kimoja kitaua ziwa zima kweli?" Kwa hesabu yuko sahihi. Na hiyo zebaki ndiyo inayolipa unga na ada ya mdogo wake. Sina uso wa kumwambia aache kesho asubuhi.

Ila sikubali kwamba deni likigawanywa kwa vijiko linakwisha. Linagawanyika tu, na vipande vyake haviko mwaloni peke yake. Kuna aliyemuuzia zebaki, kuna aliyenunua dhahabu bila kuuliza, kuna aliyevaa pete mjini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na retoti ya kunasa ule moshi si mtambo wa ajabu. Ni chombo kidogo tu. Kwa nini basi gharama yake aachiwe mwenye kijiko, wakati faida kubwa iko kwa wengine? Mimi ningeanza na mnunuzi: asipokee dhahabu iliyochomwa wazi, na retoti ailipie yeye.

Sokoni tunamkagua samaki kwa kufunua matamvua, tunatazama jicho, tunanusa. Zebaki haina harufu.