Nani Mwizi wa Maji?

Nina riwaya isiyokwisha. Nimeianza mara tatu, na mara zote tatu imenifia mikononi katika sura ya nne, pale mwizi anapotakiwa kukamatwa. Mwizi mwenyewe haibi fedha wala ng'ombe. Anaiba maji. Kila nikifika hapo kalamu inagoma, kwa sababu huyo mwizi ninamfahamu vizuri mno. Ni mimi.

Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo kwa babu, mlimani Kilimanjaro. Ambao hamjafika huko niwaeleze kidogo. Wazee wa Kichagga hawakungoja mto uwafuate nyumbani. Walipanda hadi karibu na msitu, wakaukinga mto kwa mawe na magogo, kisha wakachimba mfereji unaokata ubavu wa mlima mpaka kwenye vihamba vya migomba. Mfereji huo ndio mfongo. Mifongo ipo mamia, na mingi ilichimbwa kabla Mjerumani hajakanyaga huko. Ukoo uliochimba ndio wenye mfongo, lakini majirani nao hupewa zamu, mradi wajitokeze na majembe siku ya kusafisha. Asiyetokea hutozwa faini, na faini ya zamani, bwana, ilikuwa ya kunywa: mbege.

Usiku ule zamu haikuwa yetu. Ilikuwa ya mama mmoja mjane, ambaye kihamba chake kiko chini ya chetu. Kiangazi kilikuwa kikali na maharage ya babu yalikuwa yamesinyaa. Nikatoka na jembe, nikakata ukingo, nikaziba njia kwa shina la mgomba na matope. Maji yakaingia kwetu. Nasema kweli, sikuona haya. Nilijiambia: kwani sisi tumeyafuata? Si yamepita mlangoni petu yenyewe?

Alfajiri mama yule akapanda. Hakupiga kelele. Alimwamkia babu, akanitazama miguu yangu yenye matope, akasema: "Mwanangu, ungeniomba ningekupa nusu." Akazibua, akashuka zake. Babu alilipa faini, na mimi sikuambiwa hata neno moja. Afadhali ningechapwa.

Nimelipeleka jambo hili kijiweni mara nyingi. Kuna rafiki yangu mmoja hulimaliza kwa sentensi moja: maji ni ya Mungu, nani ataiba cha Mungu? Mimi humjibu kwamba mvua ni ya Mungu, sawa, lakini mfongo ni wa jembe. Aliyetoa jasho ana haki. Lakini jibu langu lenyewe linavuja. Yule mjane hakuchimba mfongo, wala mababu zake hawakuchimba, aliolewa pale. Haki yake ilitokana na kujitokeza siku ya kusafisha, basi. Sasa je, mtu ambaye hawezi kujitokeza?

Maana maji ya mlima wetu hayaishii kwenye kihamba cha mjane. Yanashuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kuna wavuvi na mitambo ya umeme. Kutoka hapo ni mto Pangani, unaopita Hale kwenye mitambo ya megawati 21, kisha Pangani Mpya ya megawati 68, hadi Bahari ya Hindi. Kule mwisho, mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia mtoni. Mkulima wa Pangani hawezi kupanda Kilimanjaro alfajiri na jembe lake. Hata akipanda, atamwamkia nani? Tuko wengi mno juu huku, na kila mmoja wetu amekata ukingo kidogo tu.

Serikali ina jibu lake. Sheria ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote ya Tanzania Bara mikononi mwa umma, na ile ya mwaka 2009 inasema Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anayetaka kuyachepusha aombe kibali kwa bodi ya bonde na alipe ada. Wazee wengi mlimani walikasirika: yaani tulipie maji ya mfereji tuliouchimba wenyewe? Nawaelewa, na hasira ile ni ya babu yangu pia. Lakini nadhani walisahau kitu kimoja. Kabla mfongo wa kwanza haujachimbwa, mto ule ulikuwa tayari unakwenda kwa mtu. Wachimbaji walikuta zamu ya mwenzao. Upande wa pili, siamini kwamba ada inamtakasa mlipaji. Mimi sasa nimepanga chumba Moshi mjini, bili nalipa, maji yanatoka kwenye chemchemi za mlima uleule, nami hupiga mswaki huku bomba likitiririka. Risiti ninayo. Usafi wa moyo sina.

Halafu kuna habari ya barafu. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake waliandika kwamba kati ya 1912 na 2000 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 80, na kwamba yote ingeweza kutoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo, ingawa inazidi kusinyaa. Niliposoma hayo, nikiri, nilipata nafuu ya ajabu. Nilijiona nimepata mwizi mwingine, mkubwa kuliko mimi, mwenye viwanda ng'ambo! Ila nafuu yangu haikudumu. Mtafiti wa mimea Andreas Hemp aliandika mwaka 2005 kwamba mito yetu inategemea msitu kuliko barafu. Msitu hupokea mvua na kukamua ukungu, na mioto imeushusha mpaka wake wa juu kwa mamia ya mita. Ukame huukausha mlima, kweli, lakini kiberiti mara nyingi kinawashwa na mkono wa hapahapa: mrina asali, mwenye kufyeka shamba. Oktoba 2020 mlima uliwaka kwa siku kadhaa.

Sasa yapo makundi ya watumia maji, wa juu na wa chini kuketi mkeka mmoja na kugawana zamu ya mto. Mifongo mingine inasakafiwa kwa saruji ili udongo usinywe maji njiani. Saruji ni jambo jema, lakini kinachonivuta mimi ni ule mkeka, kwa sababu pale mtu wa juu analazimika kumtazama usoni anayekausha shamba lake. Mimi matope yalinitia aibu kwa sababu kuna mtu aliyatazama.

Sura ya nne nimeiandika upya wiki iliyopita. Mwizi bado hajakamatwa. Amekaa ukingoni na tochi, jembe liko magotini, anasikiliza maji yakishuka kwa jirani. Maharage ya babu yake hayajanyweshwa. Betri zinaelekea kuisha.