Mzee Asiposikia, Wajibu ni wa Nani?

Mzee akijibu lisiloulizwa, twasema upesi kwamba akili zimemwisha. Je, twamhukumu kwa haki?

Mara nyingi uzee huanza kuondoa sauti nyembamba. Herufi kama s, f na sh hufifia, huku a na o zikisikika bado. Hivyo mzee husikia kwamba twasema, lakini hajui twasema nini. "Fika" na "shika" humchanganya. Ndipo akili yake hujaza pengo kwa kukisia. Penye kelele kazi hiyo humchosha, hata asikumbuke vema aliyoambiwa. Tukimpigia makelele, sauti huzidi, bali maneno hayawi wazi.

Basi kusikia si kazi ya masikio yake peke yake. Nusu ni ya vinywa vyetu. Mambo ya Walawi sura ya 19 yakataza kumlaani kiziwi (mstari wa 14), tena yaagiza kumheshimu mzee (mstari wa 32). Katika wazee wetu amri hizo mbili hukutana. Tuwaelekee, tuseme polepole, tungoje jibu. Kumwambia mzee "basi, si kitu" ni kumtoa katika ushirika wetu angali hai.