Mafuta Analipa Nani?

Somo: Matendo ya Mitume 27:1-44

Sisi wa Kibera hatuhitaji kuelezwa ndege ni nini. Uwanja wa Wilson uko hapo tu, upande wa barabara ya Lang'ata, na ukiwa Silanga au Soweto unaanua nguo unasikia injini kabla hujaona bawa. Ndugu zetu wa Kawangware nao wanaziona zikipita. Shida ni kwamba wengi wetu tunazijua ndege kwa upande wa tumbo. Kule ndani, wanakokata shauri, hatujafika.

Marubani wana utani wao. Muulize mmoja ni ndege gani inafaa zaidi kwa safari fulani, atakujibu bila kufikiri: ile ambayo mafuta analipa mtu mwingine. Watu hucheka, na kweli inachekesha. Lakini mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na huyo "mtu mwingine" akitajwa kwenye hesabu huwa nataka kujua jina lake na kama aliulizwa.

Kazini, bila shaka, hawachagui hivyo. Rubani mzuri anaanzia mwisho wa safari. Atatua wapi? Ni lami au ni murram? Kiwanja kina urefu gani, na asubuhi hiyo kuna ng'ombe juu yake? Halafu uzito. Kwenye ndege ndogo unapimwa kwenye mizani wewe pamoja na begi lako, mbele ya watu, hata kama umevaa kitenge cha harusi. Halafu umbali. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Nairobi tunalisahau kwa sababu tumelizoea: tunaishi juu. Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na saa sita mchana jua likichoma inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo bawa linapata kidogo cha kushika na injini inapata kidogo cha kuvuta. Ndege ambayo ingeondoka Malindi na mzigo wote, hapa huenda ikaambiwa iache baadhi chini.

Tazameni Madaktari Wanaoruka wa AMREF, ambao kazi yao ilianza mwaka 1957 na makao yao ni hapo Wilson. Wana ndege aina ya Cessna Caravan, yenye propela moja na magurudumu yasiyokunjwa. Si ya kujivunia kwa mwendo. Inakwenda kama kilomita 300 kwa saa au zaidi kidogo. Lakini inatua kwenye vumbi. Pia wana jeti, kwa sababu mgonjwa mwingine anatakiwa kufikishwa hospitali ya nchi ya mbali na saa zinahesabiwa. Ukimpelekea jeti mama aliye kwenye kiwanja cha murram kule kaskazini, ataiona ikipita tu. Ukimpandisha kwenye Caravan mgonjwa anayepaswa kuvuka bahari, umemchelewesha. Hakuna anayesema Caravan haina imani, au kwamba jeti ina majivuno. Ukubwa peke yake si dhambi wala si utakatifu.

Dhambi, nadhani, inaingia kupitia ule utani.

Chukueni mfano ambao taifa zima linaujua. Mwanzoni mwa muongo uliopita Kenya Airways ilipanga kukua kwa kasi sana, na mpango huo uliitwa Mradi wa Mawingu. Kuanzia mwaka 2013 ilipokea Boeing 777-300 tatu, kila moja ya kubeba watu karibu 400, na mwaka 2014 zikaanza kuja Dreamliner. Ndege nzuri sana. Lakini ndege ya viti 400 inataka watu 400, leo, kesho na kesho kutwa, na deni lake halingoji msimu wa watalii. Mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2015 kampuni ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7. Mwaka uliofuata ikawa bilioni 26.2. Kufikia 2016 zile 777 tatu zilikuwa zimekodishwa kwa Turkish Airlines, zikifanya kazi ya watu wengine.

Tuwe waungwana. Haikuwa ndege peke yake. Mwaka 2013 JKIA iliungua Agosti na Westgate ikashambuliwa Septemba, kisha 2014 ikaja Ebola na safari za Afrika Magharibi zikasimama. Ile mikataba ya kufunga bei ya mafuta mapema nayo iligeuka msumari. Dhoruba zilikuwa nyingi. Lakini mwenye gharama kubwa ya kudumu ndiye dhoruba humshika bila pa kuegemea, na hili linafundishwa mwaka wa kwanza wa shahada ya biashara. Jambojet, mtoto wa kampuni hiyo hiyo, ilianza mwaka 2014 na jeti za Boeing 737, halafu ikahamia ndege za propela za abiria wapatao 78. Kwa safari ya Nairobi hadi Kisumu, hiyo inatosha.

Sasa, mafuta alilipa nani? Serikali ilikuwa imeweka dhamana kwa mikopo ya kampuni, na baadaye Hazina ikaanza kulipa. Hazina ni nani? Ni yule mama wa Gatwekera anayenunua sabuni na kulipa kodi ndani ya bei. Hajawahi kupanda Dreamliner. Hakuulizwa kama anapenda viti 400 au 78. Aliwekwa kuwa mdhamini bila kutia sahihi.

Huku kwetu tofauti ni kwamba mdhamini hutia sahihi, ila mara nyingi hajui anatia sahihi ya nini. Mfikirie dada anayeuza mgongo wazi pale Makina. Biashara inakwenda, jioni karai limekwisha. Anaona maono: friza kubwa, tilapia wazima, wateja wa hoteli. Anachukua mkopo kupitia chama, na akina mama watano wanamdhamini kwa sababu wanampenda na kwa sababu wameimba naye kwaya. Friza inakuja. Inalala nusu tupu, lakini tokeni inakula kama imejaa. Stima inapotea siku mbili, samaki wanaharibika. Mwezi wa nne, wanaokuja kuchukua vitu hawaendi kwake peke yake. Wanaingia pia kwa yule mdhamini wa tatu, mjane, na kuchukua televisheni ambayo watoto wake walikuwa wakitazama.

Nani alichagua ndege hapo? Na nani alilipa mafuta?

Najua mtu atasema: Mchungaji, unatuvunja imani. Mungu wetu ni mkubwa, kwa nini tuombe vidogo? Ombeni vikubwa! Sijasema msiombe. Swali langu ni moja tu, kwamba unachoweka rehani ni cha nani. Yule mjane wa hekaluni aliyetoa senti mbili alitoa zake. Ndiyo maana Bwana alimtaja. Angeazima senti za jirani akazitoa kwa furaha kubwa, hadithi ingekuwa nyingine. Mwaka 1936 Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro na aliyezoea kuruka na ndege ndogo akitafuta tembo porini, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza. Hakutumia ile ndege ya tembo. Alipewa nyingine, Vega Gull, iliyoongezwa matangi kwa safari hiyo. Alifika Kanada kwa pua, ndani ya tope. Ndege ilikuwa ya mtu mwingine, lakini shingo ilikuwa yake na hakubeba abiria. Mtu akifanya hivyo unaweza kumwita jasiri au mwendawazimu, mdhulumu hapana. Kuhatarisha cha mwenzako bila kumwambia, hata ukiomba na kufunga siku 21, sijui ni mstari gani unaoiita hiyo imani.

Hapa ndipo Matendo 27 inanishika. Tumeihubiri mara nyingi kama habari ya dhoruba na malaika. Isomeni tena kama habari ya kuchagua chombo na wakati wa safari. Wanaanza na merikebu ya Adramitio, ya kupita pwani pwani. Wakifika Mira akida Yulio anawahamishia merikebu ya Iskanderia, kubwa, iliyobeba ngano kwenda Italia. Wakiwa Bandari Nzuri, majira ya safari yamekwisha pita. Paulo anawaonya kwamba kutakuwa na hasara, ya shehena na ya merikebu, na ya roho zao pia. Akida anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Kibiashara namwelewa. Mwenye merikebu ana ngano yake humo, nahodha ana ujuzi, Paulo ni mfungwa. Halafu wengi wakashauri waondoke, na ikawa hivyo.

Hesabuni waliokuwa ndani: watu 276. Wengi walioshauri sidhani walijumuisha wafungwa. Na ilipofika mahali pa kulipa, ngano ilitupwa baharini, merikebu ikavunjika, na askari wakapanga kuwaua nani? Wafungwa. Wale ambao hawakuulizwa ndio waliokuwa wa kwanza kwenye orodha ya gharama. Yulio aliwazuia, namshukuru kwa hilo, na wote wakafika pwani salama, wengine juu ya mbao. Mungu aliokoa watu. Lakini neno la Paulo kuhusu shehena na merikebu lilitimia, na sioni mahali popote Luka anasema kwamba kwa kuwa wameokoka, basi uamuzi wa Bandari Nzuri ulikuwa mzuri.

Kuna upande mwingine, na nikiuacha nitakuwa nimewapa waoga silaha. Ndege ndogo mno pia hulipiwa na mtu mwingine. Ukibana watu 20 kwenye matatu ya 14, umeokoa safari ya pili, lakini mtoto aliyepakatwa mlangoni ndiye aliyelipa. Mzazi mwenye uwezo wa kumpeleka msichana sekondari akaamua ushonaji unatosha, hajawa mnyenyekevu. Amepunguza gharama yake na kumwandikia binti deni la miaka arobaini. Kuchagua kidogo kwa ajili ya mtu ambaye hana sauti kwenye kikao ni kosa lile lile, ila hili halipigi kelele, kwa hiyo watu hulisifu na kuliita busara.

Haya yote nayasema kwa sababu ya basi.

Kamati ya usafiri imeleta pendekezo kanisa linunue basi la abiria 33 kwa mkopo, na ahadi zitaanza kuchukuliwa hivi karibuni. Mchungaji wetu kiongozi ameniruhusu kuandika, na si siri kwamba yeye analipenda hilo basi. Mimi nimesoma pendekezo mara tatu. Lina rangi ya basi, lina jina la kanisa litakavyoandikwa ubavuni, na lina malipo ya kila mwezi. Safari halina.

Kwa hesabu ya kawaida ningesema tukodishe. Basi linalosimama uani Jumatatu hadi Ijumaa linalipiwa bima na mkopo likiwa limesimama, na wanaolipa ni washiriki ambao wengi wao hutembea kwa miguu kuja ibadani ili wabakize nauli. Lakini juzi mzee mmoja wa kanisa, wa Kawangware, alinijibu kwa utaratibu: Pasta, tukifiwa, mwili unakwenda Busia au Siaya au Machakos, na gari la kukodi analipa mfiwa. Siku ile ile anayolia ndiyo siku anayopiga simu kuchangisha mafuta. Hapo nilinyamaza. Ni kweli kwamba hata kutokuwa na basi kuna mtu anayekulipia, na kwa sasa mtu huyo ni mjane na watoto wake.

Kwa hiyo sijasema hapana. Nimeiomba kamati kabla ya ahadi yoyote tuandike safari za mwaka mmoja uliopita, moja moja: tulikwenda wapi, tulikuwa wangapi, barabara ilikuwaje, gari lilikodiwa kwa shilingi ngapi na nani hasa alitoa hizo pesa. Labda tutagundua tunahitaji basi la 33. Labda ni matatu ya 14 na mfuko wa wafiwa. Nimeomba pia majina ya watakaodhamini mkopo yasomwe mbele ya kanisa, na kila mmoja wao aelezwe kwa lugha anayoielewa vizuri nini kitachukuliwa nyumbani kwake, kutoka chumba gani, basi likishindwa kulipa.

Daftari liko kwa katibu, meza ya mlangoni, Jumapili hii baada ya ibada ya kwanza na ya pili. Kama ulizika mtu mwaka huu au uliopita, tafadhali pitia hapo hata kama una haraka. Leta risiti kama bado unayo. Kama huna, kumbukumbu yako inatosha.