Dhamana ya Mfugaji na Sumu Isiyokusudiwa

Anayemtilia mbwa sumu kwa makusudi ni rahisi kuhukumiwa, kwa kuwa nia yake iko wazi. Swali gumu zaidi la maadili linamhusu mfugaji ambaye mbwa wake amekufa kwa kitu kilichowekwa jikoni au stoo kwa matumizi halali kabisa, bila mtu yeyote kumtakia mnyama huyo mabaya.

Ugumu huo unatokana na maumbile yenyewe, kwani vingi vinavyomdhuru mbwa ni chakula cha binadamu au dawa yake. Chokoleti ina theobromini, kemikali ya kakao ambayo mwili wa mbwa huivunja polepole mno, hata ikajilimbikiza na kuushambulia moyo na mishipa ya fahamu. Ksilitoli, yaani sukari mbadala inayotiwa katika baadhi ya chingamu na dawa za meno, humfanya mbwa atoe insulini kwa wingi, na sukari ya damu yake huweza kushuka ndani ya saa moja. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuharibu figo. Kitunguu maji na kitunguu saumu, hata vikiisha kupikwa, huvunja chembe nyekundu za damu, na upungufu wa damu unaofuata huonekana baada ya siku kadhaa, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka mabaki ya mchuzi aliyomwekea mbwa. Katika hali hizi mkono unaodhuru ndio huohuo unaolisha, tena kwa upendo, na hapo huonekana kwamba huruma isiyo na maarifa haijatimia kuwa wema.

Dini zimeligusa jambo hili kwa undani kuliko inavyodhaniwa. Torati, katika kitabu cha Kutoka sura ya 21, inamtaka aliyechimba shimo na kuliacha wazi amlipe mwenye ng'ombe au punda aliyetumbukia humo, wala haiulizi kama alikusudia. Katika Uislamu imepokewa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Uzito wa kosa hilo umo katika kule kufungia, kwa maana anayemnyima kiumbe njia ya kujiokoa huubeba yeye mwenyewe mzigo wa kumwokoa. Mbwa wa nyumba yenye geti yuko katika hali hiyohiyo, kwani hula kinachopatikana ndani ya ua, na pua yake haimwambii kwamba sumu ya panya iliyochanganywa na nafaka si chakula. Wapo wanaodhani kwamba hukumu ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani ya Afrika Mashariki, ya kuyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi inapunguza wajibu huo wa kumlinda. Dhana hiyo ni potofu, kwa sababu hukumu ya najisi inahusu tohara ya mtu, na imepokewa pia kwamba mtu alisamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Utetezi unaobaki ni wa kutojua. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alitenganisha ujinga ambao mtu hawezi kuuondoa na ule ambao angeuondoa kama angejali. Asiyewahi kupata nafasi ya kujua kwamba kitunguu ni hatari hana lawama. Lakini aliyeona kuuliza ni usumbufu usiomstahili mbwa hawezi kujitetea vivyo hivyo.

Ujinga ukishaondoka, wajibu huwa mzito zaidi. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda kwa kuizuia vitamini K isifanye kazi yake, na mbwa aliyezila huweza kucheza kama kawaida kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kuvuja damu. Mfugaji aliyeiona pakiti imetafunwa, kisha akanyamaza kwa aibu au akasubiri dalili, anatenda kosa jipya, tena kwa kujua. Vitamini K1 husaidia ikianzwa mapema, ila haitibu fosfidi ya zinki, ambayo nayo huuzwa kama sumu ya panya, na ndiyo maana pakiti hiyo, hata ikiwa vipande, inapaswa kufikishwa kwa daktari wa mifugo pamoja na mbwa.