Waliobaki Penye Vyombo

Soma 1 Samweli 30:9, 10, 21–25. Watu 200 walichoka wakabaki penye kijito cha Besori wakilinda vyombo. Kwa nini Daudi aliwapa fungu sawa na waliopigana?

Septemba 19, 1916, Wabelgiji waliiteka Tabora. Askari wa Wajerumani waliporudi nyuma kuelekea kusini, wake zao waliandamana nao, mizigo kichwani, watoto mgongoni. Walipika, waliteka maji, wengine walijifungulia njiani. Wanyamwezi walikuwa wamezoea misafara ya kwenda Bagamoyo. Lakini hii haikuwa safari ya biashara. Sanamu ya Askari, iliyosimikwa Dar es Salaam mwaka 1927, inawakumbuka askari, wapagazi na wanaume wengine waliotumika upande wa Waingereza. Akina mama waliotembea na majeshi hawakutajwa.

Hata hivyo tusiwapambe mno. Chakula walichokipika mara nyingi kilinyang'anywa vijijini, na huko nako kulikuwa na mama wenye watoto.

Bibi wa namna hiyo, aliyefuata vita kisha akalea ukoo mzima, akifariki, tuwaambie wajukuu wake nini kwenye mazishi? Lipi tunyamazie, na kwa ajili ya nani? (Linganisha Waebrania 6:10.)