Mwenye Sukari Asitengewe Sahani

Ukishuka pantoni Magogoni saa saba mchana, mama lishe wako kazini, na hukai sana kabla hujamsikia mteja akisema: "Mama, nina sukari, nipunguzie wali." Wali unapunguzwa. Maharage yanabaki upawa uleule mmoja, mchicha kijiko kilekile, na mtu anaondoka na nusu shibe. Ikifika saa kumi njaa imemrudia, anaituliza kwa andazi na soda. Simlaumu mama lishe, wala simlaumu mteja. Wote wawili wamefundishwa kwamba tiba ya kisukari ni kunyimwa.

Shauri la mtaani ni hilohilo: acha ugali, acha wali, acha muhogo. Kwa Mswahili, huko ni kuambiwa aache kula, na wengi huishia kupuuza yote. Mimi naamini tumekibebesha chakula chetu kosa lisilo lake.

Mwaka 1989 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa Muhimbili. Walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, na wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika mia. Mlo wa vijiji vyetu ni ugali, ndizi, mihogo, maharage na majani, yaani wanga juu ya wanga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, uliwakuta wenye kisukari kama tisa katika mia. Wanakijiji wale walilima kwa jembe na kutembea kutwa, hivyo si haki kuipa sahani sifa zote. Lakini wanga haukuwaangusha.

Kilichobadilika kinaonekana Kariakoo. Mahindi hukobolewa, tukapata sembe nyeupe pe, na pumba pamoja na viini vikaenda kwa wafugaji. Nyuzinyuzi zinaliwa na kuku. Kwetu unabaki wanga unaokimbilia damuni upesi. Dona tumeiachia shule za bweni na magereza, na tunaona haya kumpikia mgeni. Hapohapo magunia ya choroko, kunde na mbaazi yamefunguliwa midomo, nasi tunayapita kwa kuwa yanatukumbusha shida. Huku ni kukitupa chakula chetu bora kwa ajili ya macho ya jirani.

Huko Kentucky, Marekani, mwaka 1979, James Anderson na Kyleen Ward walieleza habari za wanaume 20 waliokuwa wakijidunga insulini. Kwa takriban siku 16 walilishwa mlo wenye nyuzinyuzi tele, asilimia 70 ya nguvu yake ikitokana na wanga. Kumi na mmoja wakaacha insulini. Hayo yalifanyika wodini, chini ya macho ya madaktari. Nyumbani, anayetumia insulini au vidonge akibadili mlo ghafla bila kuieleza kliniki, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini kwa mlo wowote.

Ninalolishikilia zaidi ni hili la sinia. Katika nyumba nyingi mwenye sukari hutengewa: dona yake kidogo, mboga yake chukuchuku, akae pembeni wenzake wakizunguka pilau. Kwa utu wetu, mtu haachwi ale peke yake isipokuwa amekosa au hatakiwi. Mgonjwa analijua hilo, ndiyo maana usiku anaingia jikoni kuiba tonge. Nyumba nzima ikila dona na choroko za nazi kidogo, matembele yakajaa nusu ya sahani, hana sababu ya kujificha. Tena kisukari hufuata ukoo. Watoto wa mgonjwa huyo ndio walio karibu zaidi na zamu.

Basi wewe mwenye mzazi, mwenza au ndugu mwenye sukari, usimpikie chake. Mwulizeni daktari wake kuhusu dozi, kisha nunueni kilo za choroko na mfuko wa dona wa kumtosha kila aliye nyumbani, mle pamoja.